Maji ya Mgeni

Kampala
2 Februari 1958

Baba yangu,

Pokea salamu kabla ya habari. Mimi nakula, nalala, naamka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, pampu ikizunguka, na dada Cherono na mtoto wake Chepkemei hawajambo. Mama je, shingo imelegea hata kidogo? Uliniandikia kwamba siku hizi akiitwa anageuka mwili mzima, kama ng'ombe aliyefungwa nira. Nimeyafikiria maneno hayo kuliko masomo yangu.

Nina ombi, lakini kwanza nikueleze linatoka wapi.

Huku tumeletewa mashine. Zamani, tukitaka kujua kitu fulani kimo kiasi gani ndani ya maji, tulitia dawa ya rangi, tukasimamisha vioo viwili dirishani, tukatazama kipi kimekolea. Kila mtu aliona lake. Sasa kuna sanduku jeusi linaloitwa kolorimeta. Upande mmoja lina taa, upande wa pili lina kitu kinachohisi mwanga. Unaweka maji yako katikati, mwanga unapita, sindano inasimama kwenye namba. Mwaka jana mwalimu wetu aliitumia peke yake, sisi tukisimama nyuma yake kama watu wanaochungulia harusi ya jirani. Mwaka huu amesema kila mwanafunzi ataishika kwa mikono yake mwenyewe, tena kila mmoja alete kitu cha kwao cha kupima, kwa sababu amechoka kusahihisha majibu ya kunakiliana. Kila mtu atapata zamu moja.

Mimi nimechagua maji ya kisima chetu.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kulisema nyumbani. Hapa watu hujua nilikotoka kabla sijafungua mdomo vizuri. Siku ya kwanza kabisa kuna mwenzetu, Naftaly Mathenge wa Nakuru mjini, aliniona nikipiga mwayo. Akasema, "Karibu, dada, wewe ni wa kwetu. Sisi tulipigwa muhuri mdomoni tukiwa wadogo, tusipotee njiani." Akacheka, meno yake ya kahawia, kama yangu, yote nje. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nazungumza mkono ukiwa karibu na midomo, na kwenye picha ya darasa mimi ndiye niliyefunga mdomo.

Sasa nimesoma kitabuni kwamba iko chumvi, huiita floridi, isiyoonekana kwa macho, inayotoka chini ya ardhi kwenye nchi za volkeno kama yetu. Ikizidi kwenye maji huchora meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Na mtu mzima akiyanywa miaka mingi hukakamaa mifupa, kuanzia shingo na mgongo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Sikuogopa wala sikulia. Nilikaa tu, kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi: anauona ni wake, lakini hausikii.

Naftaly anakuja huko kwa harusi ya dada yake. Nimemwomba ashuke Mbaruk. Mpe chupa moja ya maji yetu. Ioshwe kwa maji yale yale, ijazwe mpaka shingoni, ifungwe kizibo. Isichemshwe.

Msalimie Mama. Mbusu Chepkemei mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako,
Chelagat


Mbaruk
9 Machi 1958

Kwa binti yangu Chelagat,

Salamu zako zimefika na sisi tunazirudisha zikiwa zimeongezeka. Hapa tunaendelea. Mvua moja imenyesha, nyingine inatishia tu. Chepkemei ameota jino la nne na anauma kila mtu, hata ng'ombe angemuuma kama angefika. Shingo ya mama yako iko vile vile. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya kupaka inayonuka, ikamfukuza paka lakini maumivu hayakwenda.

Kijana wako Naftaly alifika. Usiandike kusema si wako, najua. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Mzee, nimetoka Kampala nikipita juu ya maziwa na mito yote hiyo, nimetumwa maji Mbaruk kama mke mpya." Mama yako alicheka mpaka akashika shingo. Mimi nilikuwa juu ya pampu natia grisi, kwa hiyo nilimwambia tu mama yako kwamba walimu wako wanataka maji ya kwetu, naye akaishughulikia chupa mwenyewe. Aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaizungushia kitambaa cheupe. Naftaly ameibeba kama yai.

Sasa nisikilize, maana hili si jambo dogo kwangu.

Wewe unakijua kisima hiki tangu utoto, lakini hukujua yaliyokuwa kabla yake. Kabla Bwana mwenye shamba hajakichimba na kuisimamisha pampu ya upepo, wanawake wa laini hii ya nyumba za wafanyakazi walikuwa wanateremka mpaka mto Mereroni na kupanda na madebe. Kaka yako wa kwanza alizaliwa kwenye njia hiyo, mama yako akiwa na debe mgongoni, na hakuishi. Niliporudi vitani Bwana akaniuliza nataka kazi gani. Nilisema nataka kuitunza pampu. Tangu hapo hakuna mwanamke wa laini hii aliyezaa njiani.

Lakini kuna jambo limetokea. Bwana ana kondoo juu Dundori, kando ya msitu, penye chemchemi. Mchungaji mkuu wa huko amerudi kwao. Bwana ameniuliza kama nitapanda na watu wangu. Nyumba ni moja, nafasi ni moja. Mwaka jana ningekataa kabla hajamaliza kusema. Lakini nimesoma ulichoandika juu ya mifupa. Nimemwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Mashine yako ikisema maji ni mabaya, nitahama. Ikisema ni mazuri, nitabaki na pampu yangu. Mimi nilikuwa askari. Nangoja amri.

Baba yako,
Micah Kiplangat


Kampala
20 Aprili 1958

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama na kwa wote wa laini. Huku mvua zinapiga kila siku alasiri, na nguo hazikauki. Niko salama.

Naandika upesi ili barua ikuwahi kabla ya mwezi kwisha. Maji ni mazuri. Mbaki.

Nakueleza ilivyokuwa, ili usidhani nilipima kwa haraka. Zamu yangu ilikuwa Jumanne. Kuna dawa moja nyekundu, nyekundu ya damu ya kuku. Ukiitia kwenye maji yenye floridi, rangi huanza kukimbia, inakuwa ya machungwa, kisha ya manjano. Floridi ikiwa nyingi, wekundu unakuwa haba. Kwanza nilipima maji ya mvuke, yale yaliyochemshwa na kukusanywa tone kwa tone, ambayo hayana kitu ndani yake. Kisha nikapima maji niliyoyatia floridi mwenyewe, kidogo, kidogo zaidi, nyingi, ili niijue njia ya sindano. Mwishoni nikafungua chupa yetu.

Kitambaa cha Mama kilikuwa kinanukia moshi wa nyumbani. Nilikiweka mfukoni.

Nikatia dawa. Nikangoja. Rangi haikukimbia. Niliweka kioo ndani ya sanduku, nikafunga kifuniko, sindano ikaenda ikasimama pale pale iliposimama kwa maji ya mvuke. Nikatoa, nikafuta kioo, nikarudia. Pale pale. Naftaly alikuwa ananisomea saa, akasema, "Basi dada, si maji. Labda ni chai ya mama zetu."

Mwalimu alikuja akainama juu ya sanduku. Akaniuliza, "Una hakika na chupa hii?"

Nikamwambia, "Baba yangu ndiye mtunzaji wa kisima hicho."

Akasema, "Sikuuliza hivyo," lakini mwenzetu mwingine alikuwa amevunja kioo, akaitwa huko.

Nilitegemea nitafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya kwa muda mrefu, hata ilipokuja nzuri hapakuwa na mahali pa kuiweka. Niliosha vioo vyangu nikaenda kula. Kwa hiyo meno yangu ni meno tu, na shingo ya Mama ni uzee au baridi. Sijui kwa nini nilitaka sana viwe kitu kimoja.

Likizo hii sitakuja. Mwalimu amenipa kazi ya kusaidia maabara. Usikasirike.

Binti yako,
Chelagat


Mbaruk
11 Mei 1958

Kwa binti yangu Chelagat,

Tunakuamkia sote. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kwa Bwana nikamwambia sihami. Akasema, "Vizuri, Micah, nani angenitengenezea pampu." Nafasi ya Dundori ameipata arap Sigei na watoto wake. Walipanda juzi na mkokoteni wa ng'ombe, kuku juu ya magodoro.

Nitakuambia ukweli kwamba nilifurahi. Jumapili niliomba nafasi kanisani nikawaambia watu kwamba binti yangu amekiweka kisima chetu ndani ya mashine ya taa, na mashine haikuona kosa. Wazee walipiga makofi. Mmoja akaniuliza kama mashine hiyo inaweza kutazama mke.

Chepkemei ameachishwa ziwa. Sasa anakunywa uji, na maji ya kisima kwa kikombe kikubwa, anapiga kelele kikiisha. Mama yako hawezi tena kubeba debe. Cherono anateka.

Kaa huko ufanye kazi. Mimi sikukasirika.

Baba yako,
Micah


Kampala
13 Julai 1958

Baba yangu,

Salamu. Sijapata barua yako nyingine, labda imekawia njiani, au labda hukuwa na la kuandika. Mimi sina homa wala kikohozi. Nakwenda maabara asubuhi, naosha vioo, naipangusa mashine vumbi, naifunika kitambaa chake, narudi chumbani. Wiki nzima hupita hivyo na siwezi kukumbuka siku moja ndani yake.

Kuna kitu kimekaa kichwani mwangu na hakitaki kutoka. Ni chai.

Hapa chai ni nyekundu. Ukiinyanyua kwenye glasi unaona mwanga. Nyumbani chai ya Mama ni nyeusi kama grisi yako, hata akitia majani kidogo. Nilidhani ni mkono wake. Jana nilikuwa napanga chupa za magadi rafuni, nikatia chembe kidogo kwenye chai yangu iliyobaki, kwa kucheza tu. Ikageuka ikawa ya nyumbani.

Baba, maji yanayoifanya chai kuwa nyeusi yana kitu ndani yake. Yana vitu vingi. Lakini yale niliyoyapima mimi hayakuwa na kitu. Sindano ilisimama mahali pa maji ya mvuke, nami nikaliona hilo kwa macho yangu nikaandika "mazuri". Hakuna maji yanayotoka chini ya ardhi ya Mbaruk yakawa matupu namna ile. Mtu yeyote aliyekulia hapo angejua. Mimi nilikulia hapo.

Ningeyaonja tu, ningejua. Lakini sheria ya kwanza ya maabara, iliyobandikwa ukutani, ni kwamba usionje kitu chochote. Mimi huzitii sheria za humu kuliko wote.

Niambie, nani aliyeijaza chupa, na aliijazia wapi?

Binti yako,
Chelagat


Mbaruk
7 Septemba 1958

Kwa binti yangu Chelagat,

Salamu nyingi. Umengoja sana barua hii, nami niliianza mara kadhaa nikaiacha. Mtoto mzima, Cherono mzima.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilimwita mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nikamuuliza, "Ile chupa ya Chelagat uliijazia wapi?"

Akasema, "Kwenye pipa."

"Pipa gani?"

"Pipa la mvua lililo chini ya mabati ya banda la maziwa. Kwani tuna mapipa mangapi? Maji ya wageni."

Nikamwambia, "Mimi nilisema ya kisima."

"Hukusema. Ulisema walimu wa Chelagat wanataka maji ya kwetu." Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyevaa kaptula nyuma mbele. "Baba Cherono, wewe ungempelekea mwalimu wa mtoto wako maji ya kisima ayanywe? Mhubiri wa Keringet aliyanywa mara moja akakunja uso mpaka sala ya kufunga."

Nawe unajua ni kweli. Tangu siku ile ya mhubiri, hakuna mgeni kutoka milimani aliyepewa maji ya kisima nyumbani kwetu. Kila nyumba ya laini hii ina debe au mtungi wake wa mvua, na mtoto akiugusa anapigwa kofi. Sisi wenyewe tumezoea, hatuisikii ile ladha ya chumvi. Mgeni akija na akamaliza kikombe, mama yako huona fahari. Basi aliwapa walimu wako heshima anayoijua.

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kwa lugha yetu, yote uliyoandika tangu mwanzo: meno, mifupa, mashine. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mashine ilisifu pipa langu?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye maharagwe. Akiwa bado anachambua akasema, "Na arap Sigei yuko juu."

Sikumkemea. Ningemkemea kwa lipi?

Nilikwenda kwa Bwana, kofia mkononi. Akaniuliza, "Micah, si uliniambia mashine ya Kampala imekuambia ukae?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na sasa inasema nini?"

"Sasa haijasema, Bwana. Lakini itasema."

Akasema arap Sigei anafanya kazi vizuri, na kondoo wamemzoea, na hawezi kuwashusha watoto wa watu kwa sababu ya chupa. Ni kweli pia. Nikarudi kwenye pampu nikasimama chini yake nikaisikiliza ikivuta. Miaka yote hii niliipenda sauti ile.

Naftaly amepita tena akirudi chuoni. Safari hii nimeijaza chupa mimi mwenyewe, mdomoni pa bomba, yeye akitazama. Kizibo amekikaza yeye mwenyewe.

Baba yako,
Micah


Kampala
12 Oktoba 1958

Baba yangu,

Nawasalimu mmoja mmoja, wewe, Mama, Cherono, Chepkemei. Mimi mzima wa mwili.

Mwambie Mama kwamba sikumkasirikia hata kidogo. Nilipoisoma habari ya pipa nilikaa kitandani nikiwa na kile kitambaa chake cheupe, nikaona angekuwa mtu mwingine kama angefanya vinginevyo.

Mwalimu aliniachia mashine wakati wa chai, kwa kuwa zamu yangu ya mwaka ilikuwa imekwisha. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akavua miwani, akasema yeye naye aliiona ile namba na akaondoka. Kisha akasema, "Nenda ukapime."

Kabla sijaingia nilisimama nje ya mlango. Nikafungua kizibo, nikachovya kidole, nikakiweka ulimini. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa kwenye bomba asubuhi, nimeinama, maji yananiingia puani. Sikuhitaji kitu kingine, lakini niliingia.

Dawa nyekundu ilianza kukimbia mbele ya macho yangu, kabla sijaweka kioo ndani ya sanduku. Ikawa ya machungwa, ikawa ya manjano, ya manjano ya mkojo wa ndama. Sindano ilipita mahali pote nilipopajua ikaenda zaidi, ikabidi niyazimue maji yetu kwa maji ya mvuke, niyazimue tena, ndipo nikapata namba ya kuandika. Sitakuandikia namba yenyewe, haitakusaidia. Ni mabaya, Baba. Ni mabaya kuliko yote niliyoyatengeneza mwenyewe kwa makusudi.

Naftaly alikuwa ameketi kwenye meza ya nyuma. Akauliza, "Ndiyo?" Nikasema, "Ndiyo." Akafunga mdomo, nami nikaona kwamba sijawahi kumwona amefunga mdomo.

Sasa yaliyo ya maana. Kuyachemsha hakusaidii, kunayakoleza zaidi, kama mchuzi unaokauka na chumvi yake. Kuyachuja kwa kitambaa hakusaidii. Kwa Mama, mifupa iliyokwisha kukakamaa haitarudi ilivyokuwa. Kwangu mimi hakuna la kufanya, meno ni haya. Lakini meno ya Chepkemei yale yatakayobaki naye maisha yote bado yako ndani ya ufizi, yanajengwa sasa hivi, mwezi huu, kwa kila kikombe. Yeye bado. Asipewe tena maji ya kisima, wala uji au chai iliyopikwa kwayo. Ya mvua tu, au ya Mereroni.

Najua pipa ni dogo na kiangazi kinakuja. Najua njia ya Mereroni. Naandika tu.

Watu hapa wananipongeza. Mwalimu ameandika kazi yangu ubaoni wengine waione jinsi ya kuzimua. Nilisimama hapo nikasikia jina langu kana kwamba wanamwita mtu mwingine aliyeko nje. Ni mimi niliyewaambia mbaki.

Binti yako,
Chelagat


Mbaruk
16 Novemba 1958

Kwa binti yangu Chelagat,

Tumepokea barua na tumepokea salamu. Tuko kama ulivyotuacha, ila tumepangwa upya.

Nilimsomea mama yako. Kesho yake asubuhi alikwenda kabatini akatoa kile kikombe cha enameli chenye ua, ambacho wewe na Cherono mlikuwa mnapigwa mkikigusa. Akachota kwenye pipa, akakiweka mbele ya Chepkemei.

Cherono akasema, "Mama, hicho ni cha wageni."

Mama yako akasema, "Na huyu amefika lini? Juzi tu. Bado ni mgeni."

Basi ndivyo ilivyo sasa. Chepkemei ni mgeni wa nyumba hii. Uji wake, chai yake, hata maji ya kumtoa makamasi, yote ya pipa. Sisi wengine, kisima. Mhubiri wa Keringet alikuja wiki iliyopita akapewa chai nyeusi. Aliionja akamtazama mama yako. Mama yako akamwambia, "Vumilia, mchungaji. Siku hizi zamu ya ugeni ina mtu." Alimaliza kikombe, sijui kwa imani gani.

Bwana amenipa pipa la pili, lile lililokuwa la mafuta, nimelichoma moto ndani na kulisugua kwa mchanga. Nimepiga mfereji wa bati pande zote za banda. Kiangazi kikizidi, Cherono atakwenda Mereroni mara moja kwa wiki, na mimi nitakwenda naye, debe nitalibeba mimi. Watacheka, mwanamume na debe. Wacheke.

Nimewaeleza na watu wengine wa laini. Wengine wamesikia. Wengine wameniuliza ni mashine gani hii, Jumapili moja inasema hivi, Jumapili nyingine vile. Pampu naitunza bado, ng'ombe na nguo vinaitaka. Siisikilizi tena.

Mama yako anasema ukija Krismasi, na wewe utakunywa ya pipa, kwa kuwa umekaa mbali sana na umekuwa mtu wa watu. Nimemwambia sijui kama utapenda. Anasema nikuulize.

Baba yako,
Micah


Kampala
30 Novemba 1958

Baba yangu,

Salamu zangu ni fupi, kwa kuwa nitazileta mwenyewe. Tunafunga wiki ijayo. Nitashuka Mbaruk, msihangaike kunipokea.

Mwambie Mama hapana. Aniwekee ya kisima. Kwangu maji hayo yamekwisha kufanya kazi yake, na siku chache za Krismasi haziongezi kitu. Kila kikombe nitakachokunywa kutoka kwenye pipa ni kikombe cha mtoto. Chai iwe nyeusi. Mimi si mgeni.

Jambo moja tu nataka. Chepkemei akilia kwamba kila mtu anateka bombani isipokuwa yeye, msimpige. Mleteni kwangu. Nitamkalisha magotini nifungue mdomo wote, bila mkono, atazame meno yangu mpaka achoke.

Binti yenu,
Chelagat